Pikapu ya Petroli kwa Kazi Nzito: Pima Mzigo Kabla ya Kutoa Fedha

Ni nadra hapa Uganda kupata kambi au kota za polisi ambamo mazungumzo ya kustaafu hayafiki mwishowe kwenye gari la mizigo. Askari aliyetumikia taifa miaka ishirini na zaidi anapokea kiinua mgongo chake, mkewe ana shamba la migomba au ng'ombe wa maziwa, watoto wanadaiwa karo, na nyumba nzima inaafikiana kwamba pikapu ndiyo itakayowalisha. Fikra hiyo si mbaya. Ubaya wake ni kwamba fedha za namna hiyo hutolewa mara moja tu maishani, na gari likikosewa siku ya kununuliwa, hakuna afisa wa mishahara atakayezirudisha. Kwa hiyo makala yetu inawaelekea wale wanaofikiria pikapu ya petroli kwa kazi nzito, pamoja na wake au waume zao, ambao aghalabu huachwa nje ya shauri hili ilhali ndio watakaosukuma gari siku litakapokataa kuwaka.

Neno "kazi nzito" halina maana moja kila mahali. Huko Marekani pikapu huhesabiwa kuwa ya kazi nzito ikiwa uzito wake wote unaoruhusiwa, yaani gari, watu na shehena kwa pamoja, unazidi ratili 8,500, ambazo ni takriban kilo 3,850. Ford F-250 ya aina ya Super Duty ni mojawapo, na tangu toleo la mwaka 2020 hupatikana ikiwa na injini ya petroli ya lita 7.3. Ni mashine ya kustaajabisha kwa mkulima wa Texas. Kwetu usukani wake uko upande usiofaa, na kiu yake ingeikausha pensheni kabla ya mwezi kwisha.

Pikapu ambazo mafundi wetu wanazifahamu kwa kazi hii ni hasa mbili, zote za Toyota. Ya kwanza ni Hilux, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na ambayo kwa petroli tutaitafuta yenye injini ya pistoni nne na lita 2.7, iwe ile ya zamani iitwayo 3RZ au ile iliyofuata iitwayo 2TR. Ya pili ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, yenye pistoni sita na lita 4.5 au 4.0. Injini hizi zote huzungusha kamshafti kwa mnyororo wa chuma wala si kwa mkanda wa mpira, na hilo ni jambo la kushukuru, kwani mkanda wa mpira hutaka kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na mwenye gari kuukuu hajui kamwe ulibadilishwa lini. Mnyororo nao huchakaa, lakini huwa na adabu ya kutoa sauti kwanza: ukiwasha injini asubuhi ikiwa baridi nawe ukasikia mkwaruzo wa chuma upande wa mbele usiokoma baada ya sekunde chache, usitoe fedha.

Wengi watauliza, kwa nini petroli, ilhali dizeli huvuta zaidi na hunywa kidogo? Swali ni la haki. Kwa safari ileile dizeli hutumia mafuta pungufu kwa kiasi cha robo hivi, na nguvu zake za kuvuta hupatikana injini ikiwa inazunguka polepole. Lakini dizeli za kisasa zina pampu ya shinikizo kubwa, nozeli zenye matundu membamba mno, na tabo. Vitu ambavyo maji kidogo au mafuta machafu huviua, na gharama yake ikawatoa watu machozi. Injini ya petroli isiyo na tabo haina makuu: ina plagi zake, koili zake, chujio, pampu moja ndani ya tangi, basi. Fundi wa mji mdogo anaielewa. Mtu anayekwenda kilomita 300 kila siku na shehena, hesabu itamwelekeza kwenye dizeli, nasi hatutamzuia. Anayekwenda kilomita 40 au 60 kati ya shamba, soko na kituo cha kupokelea maziwa, petroli yamtosha, na kile anachozidishiwa kwenye kituo cha mafuta atakifidia kwenye gereji.

HESABU YA MZIGO

Sasa tufike penye kiini. Watu huchagua pikapu kwa rangi, kwa urefu wake kutoka ardhini, au kwa sauti ya injini. Ni wachache mno wanaofungua mlango wa dereva wakasoma kibao kidogo kilichobandikwa hapo, au kile kilicho chini ya boneti, kinachoonyesha uzito wote ambao gari limeruhusiwa kufikia. Kibao hicho ndicho mkataba kati ya mtengenezaji na mwenye gari.

Tuseme kibao kinaonyesha kilo 2,800, na gari likiwa tupu lina kilo 1,750. Linabaki na kilo 1,050. Ondoa dereva kilo 75 na utingo kilo 70. Ondoa fremu ya chuma iliyochomelewa nyuma kwa ajili ya turubai, tuseme kilo 80, ambayo hakuna mtu anayeihesabu kwa sababu "ni sehemu ya gari". Zimebaki kilo 825. Hayo ni magunia 8 ya mahindi ya kilo 100 kila moja, au mifuko 16 ya saruji, au mikungu 40 ya ndizi yenye kilo 20 kwa wastani. Maziwa huwadanganya watu zaidi. Lita moja ya maziwa ina uzito unaozidi kidogo kilo moja, na mkebe wa lita 50 pamoja na chuma chake hukaribia kilo 60; kwa hiyo mikebe 13 imetosha, hata kama nafasi ipo ya kuweka 20.

Mchanga ndio muuaji mkubwa. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina takriban tani moja na nusu, na zaidi ukilowa. Sanduku la nyuma la Hilux ya kabini moja likijazwa mchanga hadi ukingoni, tani mbili zimekwisha kupita, na gari bado linaonekana kama halijajaa. Dereva anaondoka akiimba. Kinachoteseka hakimfikii masikioni upesi: beringi za nyuma, difu, klachi, na chasisi yenyewe, ambayo huanza kupasuka nyufa nyembamba nyuma ya kabini.

Hapa ndipo Land Cruiser na Hilux zinapotengana. Uwezo wao kwa kilo haupishani sana, zote zikikaa karibu na tani moja au zaidi kidogo, lakini ekseli ya nyuma ya Land Cruiser ya mizigo imetengenezwa ili uzito ulaliwe na gamba la ekseli, na shafti ya ndani ifanye kazi ya kuzungusha tu. Kwenye Hilux shafti hiyohiyo huzungusha na kubeba. Tofauti hiyo haionekani mjini. Huonekana mwaka wa tatu kwenye barabara ya changarawe. Kwa upande mwingine, Land Cruiser hunywa petroli kwa namna ambayo mwenye biashara ndogo hapaswi kuifumbia macho. Maoni yetu ni kwamba familia inayobeba chini ya kilo 800 na kurudi nyumbani jioni itafute Hilux ya kabini moja. Kabini mbili ni nzuri kwa kwenda harusini. Sanduku lake ni fupi, na sehemu kubwa ya mzigo hukaa nyuma ya ekseli, jambo ambalo huinua pua ya gari na kulegeza usukani.

SIKU YA KUNUNUA

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo yeyote anayekuahidi kukuletea kutoka Mombasa gari kuukuu kupita hapo anataka fedha zako tu. Magari ya umri mkubwa zaidi ni yale yaliyokwisha kuwemo nchini, na kati ya hayo kuna yale ya serikali yanayouzwa kwa mnada. Askari huyapenda haya ya mnada kwa kuwa ameyaendesha kazini na anayajua. Mimi pia kazi yangu imenikutanisha nayo, na neno langu ni hili: liangalie gari lenyewe, usiangalie lilikotoka. Liko lililotunzwa na dereva mmoja kama mboni ya jicho lake; liko ambalo, kabla ya mnada, betri, altaneta na hata kompyuta ya injini vilikwisha kutafuta makao mengine.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna jambo alilotaka ulikute limekwisha kupita. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta utazame maji. Yakiwa na rangi safi ya dawa, vyema. Yakiwa mekundu kwa kutu, gari limenyweshwa maji ya bomba miaka mingi. Yakielea mafuta juu yake, funga, salimia, uende zako. Vuta kijiti cha kupimia oili: oili nyeusi si aibu, lakini oili ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Kisha mtu mwingine awashe, nawe usimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mvuke mweupe wa dakika moja ya asubuhi ni wa kawaida. Ule usiokoma injini ikishapata joto si wa kawaida. Kifuniko cha rejeta kikiwa bado wazi, mapovu yanayotoka mfululizo ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa.

Lala chini ya gari, hata kama umevaa sare iliyopigwa pasi. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea kwenye chasisi. Hesabu pleti za springi za nyuma kila upande. Zikiwa zimeongezwa, gari hilo limebebeshwa zaidi ya uwezo wake, na bei ishuke. Namba ya chasisi ilingane na ile ya kitabu cha gari, tarakimu kwa tarakimu. Saa ya kilomita usiiamini peke yake. Tazama mpira wa pedali ya klachi na ukingo wa usukani, maana hivyo haviwezi kurudishwa nyuma. Na kabla ya kutoa fedha mlipe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, apime kompresheni ya kila silinda. Silinda zote zikikaribiana, hata kama zimepungua kidogo, injini ina maisha. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, unanunua matengenezo.

MAJI NDIYO ROHO

Ukiniuliza ni kitu gani kinachoziua pikapu za petroli katika milima yetu, nitakujibu kwamba ni joto, na mlango wa joto mara nyingi ni kifaa kidogo kuliko vyote.

Sajini mmoja mstaafu wa sehemu za Kabale alikuwa akibeba viazi kutoka Kisoro. Gari lake lilikuwa likichemsha kila linapopanda Kanaba, na likishuka linapoa. Fundi wa kwanza aliondoa thamostati akaitupa. Fundi wa pili akauza rejeta mpya. Wa tatu akabadilisha pampu ya maji. Kila mmoja alilipwa. Wa nne, kijana aliyekuwa ametoka chuo cha ufundi juzi, aliondoa kifuniko cha rejeta akakitazama mpira wake, akakuta umepasuka. Kufikia wakati huo silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu na haipendi joto, ilikuwa imekwisha kupinda, na mzee huyo akauza ng'ombe wawili ili itengenezwe.

Sababu yake ni elimu ya shule ya msingi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, na kila tunapopanda mita 300 hivi kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Juu ya Kanaba, zaidi ya mita 2,200, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 93. Injini ya petroli katika kazi yake ya kila siku hukaa karibu nyuzi 90. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kile kifuniko, ambacho huyabana kwa shinikizo hadi kiwango cha kuchemka kikapanda kufikia nyuzi 120 hivi. Kifuniko kikivuja, ulinzi wote huo umeondoka. Ongeza hapo kwamba injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, ili dereva akanyage zaidi kupata mwendo uleule, na utaelewa kwa nini gari lililokuwa likitulia Mbarara linachemka Kisoro.

Basi badilisha kifuniko hicho kila baada ya miaka miwili bila kungoja ugonjwa, na ununue chenye namba ya shinikizo ileile iliyoandikwa juu ya cha zamani. Tumia dawa ya rejeta nusu kwa nusu na maji, maana dawa hiyo hata kwetu kusiko na barafu huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima chenye chumvi yanaacha magamba ndani. Maji safi ya mvua ni bora kuliko hayo. Usikubali thamostati iondolewe: injini ikikosa kupata joto lake hunywa petroli zaidi na kuchafua oili. Mshale wa joto ukipanda njiani, washa hita ya kabini, hata kama utatoka jasho, kwa kuwa inasaidia kutoa joto kwenye injini. Usiposhuka mara moja, simama pembeni na uzime. Na kifuniko hakiguswi kabla ya nusu saa kupita. Tumeona nyuso zilizoungua kwa haraka ya dakika tano.

Mengine ya utunzaji ni mepesi kwa mtu aliyezoea gwaride. Oili ya injini na chujio lake kila kilomita 5,000, kwa kuwa gari linabeba. Grisi kwenye chuchu za propela shafti katika siku hiyohiyo. Chujio la hewa wakati wa kiangazi lipulizwe kila wiki, upepo ukitoka ndani kwenda nje, wala lisipigwe ukutani kama mkeka. Tangi lisiachwe lifike robo ya mwisho kila siku, kwa maana pampu iliyomo ndani yake hupozwa na petroli yenyewe. Ukivuka mto uliofurika, mwambie fundi atazame oili ya difu kabla ya wiki kwisha. Gia ya magurudumu manne itumike kwenye matope, kama yale meusi ya Karamoja yanayoshika kama gundi, wala si kwenye lami kavu, ambako hujikaza na kuvunja meno yake. Tairi ziwe zile za magari ya mizigo, zenye herufi C mwisho wa namba ya ukubwa, na upepo upimwe zikiwa baridi.

Breki zinahitaji maneno zaidi. Hilux nyingi zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chasisi upande wa nyuma, yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Mzigo ukiikandamiza chasisi chini, fimbo husukuma vali, na breki za nyuma hupewa shinikizo zaidi. Fundi akiongeza pleti za springi ili gari "lisilale", chasisi haishuki tena kama ilivyopangwa. Vali hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hunyimwa nguvu wakati ule ule mzigo umezidi. Juu ya mzigo huo mara nyingi wamekaa watu, na miongoni mwao watoto wanaorudi shuleni. Anayelazimika kuongeza springi amtafute fundi anayejua kuirekebisha fimbo hiyo, na asiyempata aziache springi kama zilivyotoka kiwandani. Kwenye mteremko mrefu shuka kwa gia ile ambayo ungepandia. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo yabadilishwe kila miaka miwili, vinginevyo yatachemka kwenye mteremko na pedali itazama hadi sakafuni.

Akina mama wanaoendesha nyumba wana sehemu mbili katika kazi hii. Ya kwanza ni daftari. Kila petroli inapotiwa, ziandikwe lita, kilomita na mzigo wa siku hiyo. Gari lililokuwa likienda kilomita 8 kwa lita likianza kwenda 6 bila mzigo kuongezeka, daftari limegundua ugonjwa kabla ya fundi, iwe ni plagi, chujio, breki inayokwama, au dereva anayeuza petroli njiani. Ya pili ni kukataa, na tunaomba mkatae bila kuogopa cheo cha mtu, jerikani ya petroli kuwekwa ndani ya nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukalifikia jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Katika kota ambazo ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, moto wa nyumba moja ni moto wa mstari mzima. Petroli ikae kwenye tangi la gari. Ikibidi kuwapo ya akiba, iwe kidogo, katika chombo cha chuma chenye kifuniko kinachokaza, ndani ya kibanda chenye kupitisha hewa, mbali na jiko na mbali na mahali watoto wanapochezea.